Faili seva ya ofisi: shea moja kubwa, shea kibao, au jina moja juu ya zote?

Seva ipo, diski zipo, Samba (programu inayoifanya Linux igawe faili kwa Windows) imeshakaa, na watu wameanza kuuliza "sisi uhasibu tunaweka wapi vitu vyetu?" Hapo ndo wengi tunakimbilia kufungua shea (sehemu ya seva inayofunguliwa kwenye mtandao kwa jina lake) ya kila idara bila kuwaza, au kinyume chake tunafungua shea moja inaitwa DATA na kila mtu anajaza humo, afu miaka inapita na kubadilisha inakuwa shughuli pevu maana kila shotikati, kila skripti na kila linki ya Excel imeshaung'ang'ania ule mpangilio wa mwanzo. Kwa hiyo bora kuamua mapema.

Nitumie mfano wa ofisi ya watu kama thelathini hivi. Uhasibu, mauzo, rasilimali watu, wabunifu wawili watatu wenye Mac, zilizobaki Windows, skana moja ya koridoni na boksi moja au mbili za Linux. Seva ni Linux yenye Samba. Ukiwa na Windows Server mengi yanafanana, pale yanapoachana nitasema.

Kabla ya yote, mtumiaji akifungua dirisha anaona shea na folda ni kitu kilekile ila kwa seva sio. Mashine ikija kwa SMB (lugha ambayo Windows hutumia kufikia faili za seva) inaunganishwa na shea kwa jina lake, na ni pale mlangoni seva inapoamua nani anaingia, data isafiri ikiwa na enkripsheni au wazi, faili likifutwa liende kwenye kapu au lipotee mazima, faili jipya lipewe grupu gani. Ukishapita mlango, folda za ndani hazina hayo maamuzi, zimebaki na ruhusa za mfumo wa faili tu. Shea kibao ni fremu za maduka, kila moja na mlango wake barabarani, na shea moja ni nyumba ya kupanga yenye geti moja na vyumba ndani. Sasa swali ni wapangaji wako ni wa aina gani.

Shea kibao

Uzuri wake mkubwa ni kwamba mpaka unaonekana. Unaandika `valid users = @uhasibu` na mtu wa mauzo hata akipewa ruhusa kimakosa huko ndani kwenye folda bado anagonga ukuta mlangoni. Unaweka `force group = uhasibu` pamoja na `create mask` inayoruhusu grupu kuandika, na kila faili linalozaliwa humo linapata grupu hilo, hakuna habari ya faili la Amina ambalo Juma hawezi kulihariri wakati wote wako idara moja. Rasilimali watu unawawekea `smb encrypt = required` peke yao bila kuwapunguzia kasi wabunifu wanaovuta mavideo. Diski ikijaa unahamishia shea moja kwenye diski mpya, unabadilisha `path` kwenye smb.conf (faili la mipangilio ya Samba) na mtumiaji hajui kama kuna kitu kimetokea.

Kuna kingine kinasahaulika, urefu wa njia ya faili. Programu nyingi za Windows bado zinakwama kwenye herufi 260, na Excel ni mkali zaidi, kwake mwisho ni 218 ukihesabu jina la faili na njia yote. Watu wetu wanapenda folda ndani ya folda zenye majina kama "Taarifa za mwezi zilizosahihishwa mwisho kabisa", kwa hiyo ukianzia kwenye shea iliyo chini kidogo unaokoa herufi kadhaa. Sio sababu ya kuchagua peke yake, ila ikikubana utaikumbuka.

Matatizo sasa. Herufi za draivu zinaisha haraka, na hata kabla hazijaisha watu wanachanganyikiwa, mmoja anakwambia "weka kwenye P" na kwenye mashine ya mwenzake P ni kitu kingine kabisa. Kila mfanyakazi mpya ni skripti ya kumapu (kuunganisha shea na herufi ya draivu) tena. Kila mradi mpya kuna mtu anataka shea yake, na usipokuwa na roho ngumu unajikuta na listi ndefu ambayo nusu yake hata walioziomba hawapo tena ofisini.

Halafu kuhamisha faili. Ukikata faili shea moja ukabandika nyingine, hata kama zote ziko diski ileile, mashine ya mtumiaji inalihesabu kama kukopi kisha kufuta. Faili dogo hausikii, folda la picha la gigabaiti 40 kupitia WiFi utasikia, na mtu akifunga laptopu katikati unabaki na nusu huku nusu kule.

Na kuna hili ombi la "niwekee pasiwedi tofauti kwenye shea ya mishahara". Zamani Samba ilikuwa na mtindo wa pasiwedi kwa kila shea, uliondolewa tangu Samba 4.0 ya mwaka 2012 na wala usiutamani. Windows nayo haikubali mtu mmoja kujiunga na seva ileile kwa akaunti mbili tofauti kwa wakati mmoja, inakurushia error namba 1219. Kwa hiyo anayedhani shea nyingi zitampa funguo nyingi kwa mtu mmoja, hapana, mtu ni yuleyule, kinachobadilika ni wapi anaruhusiwa.

Kuhusu majina kuonekana: shea inayoitwa Mishahara itaonekana na kila mtu kwenye listi hata asipoweza kuingia, na binadamu ndo hivyo, akiona jina anaanza kujaribu. Kuweka alama ya dola mwishoni mwa jina hakufichi kitu, ile ni Windows ya mtumiaji tu inaamua kutoionyesha, ukiuliza kwa `smbclient -L` unaiona kama kawaida. Kuna `access based share enum = yes` ambayo inaficha kweli, ila inaangalia ruhusa za shea yenyewe, zile unazoweka kwa `sharesec`, haiangalii ruhusa za folda. Wengi wanaiwasha, wanaona haijafanya kitu, wanaizima.

Shea moja, folda ndani

Hapa kila mtu ana draivu moja, tuseme Z, akifungua anakuta Uhasibu, Mauzo, Rasilimali Watu, Pamoja. Ukiweka `hide unreadable = yes` haoni hata folda asizoweza kusoma, kwa hiyo mtu wa mauzo anaona mbili tu na maisha yanaendelea. Windows Server ina kitu hichohicho tangu 2003 SP1. Kasoro yake ni kwamba seva inabidi ipime ruhusa za kila kilichomo kabla ya kuonyesha listi, kwenye folda lenye maelfu ya risiti za EFD zilizoskaniwa utaona linavyosuasua kufunguka.

Maelekezo kwa watu yanakuwa rahisi, "iko Z, Mauzo, 2024" na kila mtu anafika. Kutafuta ni sehemu moja. Kuhamisha faili kutoka folda kwenda folda ni papo hapo, seva inabadilisha jina la njia tu, hakuna data inayosafiri.

Na hiyo papo hapo ndo inakuja kukuuma. Ukihamisha faili ndani ya shea moja kwenye mfumo wa faili uleule, faili halizaliwi upya, linahama na nguo zake za zamani. Ukiwa umepanga folda zako vizuri kwa setgid (alama inayofanya faili jipya lichukue grupu la folda), 2770 grupu uhasibu, ile inafanya kazi kwa faili jipya tu. Faili lililozaliwa Rasilimali Watu likaburutwa kwenda Pamoja linabaki grupu la rasilimali watu, wa idara nyingine hawalioni wala hawawezi kulifungua, na wewe unapigiwa simu. Kinyume chake ni kibaya zaidi kwa sababu hakuna anayepiga simu, faili lililozaliwa Pamoja likiwa wazi kwa wote linahamishiwa folda la siri na linabaki na ruhusa za uwazi.

Kwenye Linux hapo bado una kinga, kwa sababu bila ruhusa ya kupita kwenye folda mama huwezi kulifikia faili hata kama lenyewe liko wazi. Ila kwenye Windows Server kwa kawaida kila mtu amepewa haki ya kupita folda bila kukaguliwa, kwa hiyo anayejua njia kamili ya faili lililobaki na ruhusa za zamani anaweza kulifungua japo folda lenyewe hawezi kuliona. Hii nimeshaieleza kwa watu wakabisha mpaka wakajaribu wenyewe.

Dawa zipo. Wengine wanaweka skripti ya usiku inapita kurekebisha grupu na ACL (orodha ya nani anaruhusiwa nini) za kila folda la juu. Inasaidia, sema mpaka usiku ufike faili limeshinda limekaa vibaya. Na ile `force group` niliyoisifia juu huwezi kuitumia hapa, maana inashika shea nzima na ndani una folda nne. Ndo ujue kwa nini zile data nyeti kweli, ambazo zikivuja kuna mtu anapoteza kazi, hazikai vizuri kwenye shea ya wote hata ukiwa fundi wa ACL namna gani. Ukizitenga kwenye shea yake, kuburuta faili kuingia humo inakuwa kukopi, kukopi maana yake faili linazaliwa upya, na likizaliwa upya linavaa ruhusa za pale. Ule ucheleweshaji wa kukopi ambao nimeulalamikia, hapo ndo unakuwa rafiki yako.

Kingine ni nafasi. Kama chini unatumia mfumo wa faili wa ZFS na umempa kila idara dataseti yake (kipande cha ZFS kinachojitegemea) yenye kwota, yaani kikomo cha nafasi, mtu akiangalia Z anaonyeshwa nafasi ya pale juu kwenye mzizi wa shea, sio ya dataseti yake. Uhasibu imejaa, Z inasema kuna terabaiti moja, faili haliingii, mtu anaona seva ina wazimu. Snapshoti nazo, ile ya mtu kubofya kulia na kurudisha toleo la jana, zinaenda kwa dataseti, kwa hiyo dataseti zikiwa zimejificha ndani ya shea moja inabidi uongeze mipangilio kwenye `shadow_copy2`, moduli ya Samba ya snapshoti, ndo zionekane. Shea moja dataseti moja, vyote hivi vinakaa vyenyewe.

Ransomware (virusi vinavyofunga faili na kudai pesa) huwa inatajwa hapa kama sababu ya kugawa shea. Sikubaliani sana. Laptopu iliyoambukizwa inaandika popote ambapo mwenye laptopu anaweza kuandika, uwe na shea moja au kumi na tano ambazo zote umemmapia. Kinachookoa ni ruhusa za kuandika kuwa chache na snapshoti ambazo mtumiaji hawezi kuzifuta. Ile ransomware ya WannaCry ya Mei 2017 ni suala jingine, ilipitia tundu la SMB1 (toleo la zamani la SMB) kwenye Windows, na SMB1 Samba wenyewe wameizima kama chaguo la kawaida tangu toleo 4.11 mwaka 2019. Iache imezimwa.

Jina juu ya shea

Njia ya tatu ni DFS. Mtumiaji anaona njia moja, tuseme `\\ofisi\faili`, ndani yake kuna Uhasibu na Mauzo, ila kiukweli Uhasibu iko seva hii na Mauzo iko seva ile. Mashine ikigusa folda inaelekezwa "hii iko kule" na inaenda yenyewe moja kwa moja. Kwenye Samba ni `host msdfs = yes`, shea moja yenye `msdfs root = yes`, na ndani symlink (viungo vinavyoelekeza kwingine) zinazoanza na `msdfs:`, sio ngumu hata kidogo. Kwa hiyo unapata sura ya shea moja kwa mtumiaji na milango mingi nyuma yake.

Faida yake inakuja siku ya kubadilisha seva. Wahasibu wana vitabu vya Excel vinavyovuta namba kutoka vitabu vingine, na ile njia imeandikwa humo ndani na jina la seva, SRV-2012 hivi, kwa hiyo seva ikifa jina lazima lifufuke au mtu akae anarekebisha linki moja moja. Ukiwa na jina la juu lisilofungwa na mashine hilo halikuhusu.

Ila kwa ofisi yenye seva moja naona DFS ni mzigo. Kitu kikigoma una tabaka la ziada la kuchunguza, na mashine zinakumbuka zilikoelekezwa kwa muda, unabadilisha leo mmoja anaona mpya mwingine bado anang'ang'ana na ya zamani. Faida kubwa unaipata kwa kuweka jina la pili tu kwenye DNS (daftari la majina ya mashine), `faili`, na kuwakataza watu kutumia jina halisi la mashine. Angalizo, kama uko kwenye domeni na Kerberos (njia ya kuthibitisha watumiaji), lile jina la pili lazima lisajiliwe SPN (jina la huduma ambalo Kerberos inalitambua), la sivyo mashine zinarudi NTLM, njia ya zamani ya kuthibitisha, au zinakataliwa kabisa. Ukifika seva mbili, au tawi la pili la ofisi, hapo DFS ianze kuzungumzwa.

Upande wa NFS je

Zile boksi za Linux zitataka NFS (njia ya Linux ya kugawana faili), na huko mambo ya mipaka yanageuka kidogo.

NFSv3, ambayo ni ya 1995, kila eksipoti (folda linalotolewa kwa NFS) inasimama peke yake. Mashine lazima ijue inamaunti (inajiunganisha na) nini, ukimaunti folda lenye mfumo mwingine wa faili ndani yake bila `crossmnt` unakuta folda tupu, mtu anapiga kelele data imefutika na wala haijafutika. NFSv4 ilikuja na wazo jingine, seva inaunganisha eksipoti zote kuwa mti mmoja kuanzia `/`, unamaunti mara moja unatembea mwenyewe, na poti ni moja tu, 2049, firewall inapumua. Kwa mpya sioni sababu ya kuanza na v3.

La kuzingatia ni kwamba kueksipoti folda dogo lililo ndani ya mfumo mkubwa wa faili sio mpaka wa kweli. Mashine yenye nia mbaya inaweza kubuni kitambulisho cha faili lililo nje ya folda lile ila kwenye mfumo uleule, na seva ikampa. Ipo `subtree_check` ya kuzuia lakini inaleta usumbufu faili zikibadilishwa majina, ndo maana kawaida imezimwa. Kwa hiyo kwa NFS kata kwa dataseti au patisheni, usikate kwa folda. Pia kwa `sec=sys` seva inaamini namba ya mtumiaji inayoletwa na mashine, root pekee ndo anabanwa na `root_squash`, na grupu zinazosafiri na ombi mwisho ni 16. Mtu akiwa kwenye grupu ishirini kuna folda zitamkataa bila maelezo, hadi uwashe `manage-gids` seva itafute grupu zake yenyewe.

Na data ileile ukiitoa kwa SMB na NFS kwa pamoja, itenge kwenye shea yake na uzime oplocks (kibali cha mashine kushika faili kwake kwa muda) hapo. Windows akidhani faili ni lake peke yake anaweka mabadiliko kwake kwanza, huku Linux anaandika upande wa pili, matokeo yake unayajua.

Mimi ningepanga hivi

Kwa ofisi ya mfano wetu, shea moja kubwa inaitwa `ofisi`, folda za idara ndani, `hide unreadable` imewashwa, kuandika kwenye Pamoja kila mtu lakini folda za juu kabisa hakuna wa kuunda wala kufuta isipokuwa wewe, hilo la mwisho ni la lazima, usipofanya hivyo baada ya mwezi utakuta "New Folder (7)" karibu na Uhasibu. Rasilimali watu na mishahara shea yake, dataseti yake, enkripsheni, `force group`. Binafsi za watu tumia `homes` ya Samba, mtu akiingia seva inamtengenezea shea yenye jina lake mwenyewe, hauandiki kitu kwa kila mfanyakazi, na upande wa Linux autofs (inayomaunti folda pale linapohitajika) inafanya vilevile kwa mstari mmoja.

Skana nayo shea yake na akaunti yake isiyoweza kugusa kitu kingine. Kama ni mashine ya zamani inayojua SMB1 tu, usishushe kiwango cha seva kwa ajili yake, maana kiwango cha protokoli kwenye Samba ni cha seva nzima na hakiwekwi kwa shea moja, huwezi kumfungulia skana peke yake. Ipe FTP kwenye kiboksi pembeni, afu faili zihamishwe.

Wenye Mac, Time Machine (bekapu ya Mac) lazima iwe shea ya kujitegemea na uweke `fruit:time machine max size`, la sivyo Mac moja inakula diski yote. Na moduli ya `fruit`, ile ya Samba kwa ajili ya Mac, iweke kwa shea zote, usichanganye, kwa sababu Mac inajadiliana na seva kwenye shea ya kwanza inayoigusa, hiyo ikiwa haina fruit basi na zingine zote inazichukulia hazina.

Uhasibu wakija kukuomba shea yao, na watakuja, waulize wanataka nini ambacho folda haliwapi. Jibu likiwa kwota yao, bekapu ya ratiba tofauti, enkripsheni, au data ambayo hata aliyekosea kuburuta asiivujishe, wape. Jibu likiwa "mauzo wasione", folda linatosha. Jibu likiwa "tunataka tu tuwe na yetu", wape shotikati yenye ikoni nzuri kwenye desktopu, inaenda Z, Uhasibu.

Kabla ya kumpa mtu yeyote, tengeneza akaunti ya mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa asiye kwenye grupu lolote la maana, ingia nayo kwenye Windows na kwenye Mac, buruta faili kutoka Pamoja kwenda kila unakoweza na kurudi, afu kaangalie kwa `getfacl` kwenye seva kila moja limevaa nini.